Chupa ya Mawimbi Saba

Siku chache baada ya kumaliza matanga ya bibi yake, Sabra alinipigia simu akaniomba niende kwao Rashidiya, hapa Dubai, nimsaidie kutoa vitu makabatini kabla nyumba haijakabidhiwa kwa wenyewe wapya. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nyumba ile ndiyo iliyonilea, ingawa mlango wake wa mbele niliupita mara chache sana. Mama na mimi tulipanga kimoja kati ya vyumba viwili vilivyojengwa uani, na tuliingilia kijilango cha pembeni, karibu na mitungi ya gesi.

Kabati la bibi huyo, Bi Zuwena, lilinuka udi na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Harufu ile ikinikuta popote, hata leo na utu uzima wangu, hujikuta nikitazama kucha zangu kama ni safi. Tulitoa kanga ambazo hazijawahi kukatwa, tukatoa mabuibui, tukatoa vijaluba vya fedha. Nyuma kabisa, imesimamishwa kwenye kona kwa adabu, ilikuwepo chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, kifuniko kimezungushiwa utepe wa gundi mara nyingi. Ubavuni ilikuwa na mistari saba ya wino wa kijani, na wa saba ulikuwa umekwenda upogo. Ndani mlikuwa na maji. Miaka ilikuwa imeyala kidogo. Yalifika mstari wa sita.

Mistari ile niliichora mimi. Nilikaa sakafuni na chupa mapajani, Sabra akaniuliza kama nimepatwa na kizunguzungu. Sikuwa na kizunguzungu. Tangu utotoni nilikuwa nikiamini kwamba maji yale yalishamwagwa juu ya kichwa cha mtu, na kwamba hayakumfaa kitu kwa sababu ya hila yangu.

Chumba cha pili cha uani kilikuwa cha Mama Nakato na binti yake, watu wa Jinja, Uganda. Mama Nakato alifanya usafi hotelini kama mama yangu, ila zamu zao zilipishana: huyu akitoka, yule anaingia, na sisi watoto tulilelewa na yeyote aliyekuwepo. Nakato alikuwa wa umri wangu, miaka kumi na mmoja, mwembamba, mchache wa maneno. Alikuwa pacha. Mwenzake, Babirye, alibaki kwa bibi yao Jinja kwa sababu mama yao aliweza kuleta mtoto mmoja tu. Picha ya Babirye ilibandikwa kwenye mlango wa friji, na mara ya kwanza kuiona nilidhani ni Nakato amevaa sare ya shule nyingine. Kila alipofungua friji Nakato aligusa ile picha kwa kidole kimoja, kama mtu anayebonyeza kengele.

Sabra alikuwa mjukuu wa mwenye nyumba. Babu zake walitoka Unguja zamani, na Kiswahili cha kwao kilitufanya sisi wawili tujisikie tunaongea na mawe mdomoni. Alituzidi mwaka mmoja tu, lakini kila jambo duniani lilikuwa na sheria, na sheria zote alikuwa nazo yeye.

Joto la Dubai halisimuliki, lakini nijaribu. Matangi ya maji hukaa juu ya paa, kwa hiyo ikifika katikati ya mwaka bomba la buluu, la maji baridi, hutoa maji ya kukorogea uji. Dawa yake kila nyumba inaijua: unazima hita ya bafuni, na maji yaliyotulia humo ndani, mbali na jua, ndiyo yanayokuwa baridi. Ukitaka kupoa unafungua bomba jekundu, la maji moto. Nimekua hivyo. Tulipokwenda Machakos likizo nilimuuliza nyanya yangu bomba jekundu liko wapi, naye hakuwa na bomba la rangi yoyote.

Mwaka huo, shule zilipofungwa, Mama Nakato alikwenda kupimwa ili kibali chake cha kukaa kiongezwe. Wageni wote hupimwa damu na kifua. Miaka ya nyuma alipita. Safari hii akaitwa arudi apigwe picha ya pili. Yeye na mama yangu waliliongea jambo hilo kwa sauti ya chini wakichambua mboga, nasi tuliojifanya tunatazama televisheni tulisikia kila neno. Kulikuwa na kovu dogo mapafuni, la ugonjwa wa zamani. Jibu lingetoka keshokutwa. Likiwa baya, khalas, ni kufunga mizigo, yeye na mtoto.

Nilimtazama Nakato. Alikuwa ameinamisha kichwa akichezea uzi wa zulia. Nikajua anaumia, na palepale nikaamua kwamba hataondoka. Mimi nilikuwa mtoto wa kuamua. Mama alikuwa akiniita Waziri, na hakuwa akinisifu.

Dawa ilitoka kwa Bi Zuwena, ambaye hakuwa mtu wa kugawa busara. Alikuwa mtu wa kulalamika: bei ya pweza, wajukuu wasiojua kukaa kitako, na sisi watu wa bara tunaosonga ugali jua likiwa bado halijapoa. Alimpenda Mama Nakato kimyakimya, na mapenzi yake nayo yalitoka kama lalamiko. "Yule kaingiliwa na nuksi," alisema akichambua mchele, bila kumtazama mtu. "Kwetu angelikogeshwa maji ya bahari. Mawimbi saba, yachotwe kwa nia safi, ungeliona mambo yanavyofunguka." Kisha akarudi kwa pweza.

Asubuhi yake tulikuwa tumeshapanga. Mama alikuwa kazini, Mama Nakato kazini, na Bi Zuwena akijua kwamba tuko chumbani kwetu na kiyoyozi. Sabra alichukua kadi za treni kwenye kikapu cha funguo cha kwao. Mimi nilichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaichora mistari saba, kila wimbi na kipimo chake. Sabra akatoa hukumu kwamba atakayetia nia ni Nakato, kwa kuwa mama ni wake. Nakato akauliza kama nia lazima itamkwe. Sabra akamwambia hapana, nia mahali pake ni moyoni, mtu mwingine hapaswi hata kuisikia. Nakato akaitikia kwa kichwa, na nikaona amepata nguvu.

Treni wakati huo ilikuwa bado kitu kipya, na sisi tulikuwa tumeipanda mara moja moja tukiwa na wakubwa. Tuliingia behewa la wanawake na watoto, tukajibanza karibu na mama mmoja Mfilipino mwenye mifuko mingi ili tuonekane wake. Alituelewa mara moja. Alisogeza mfuko mmoja, akatupa nafasi, akaendelea kusinzia. Mji ulianza kupita dirishani, ule mji ambao niliishi ndani yake bila kuwahi kuuona wote: ndege zilizolala uwanjani, maghala, giza la chini ya ardhi, halafu ghafla yale majengo marefu yanayong'aa, moja baada ya jingine. Sabra alitutajia majina yake yote, na sasa najua kwamba alipatia mawili. Nakato aliegemeza paji la uso kwenye kioo safari nzima. Tulikwenda karibu mpaka mwisho wa mstari, kwa sababu Sabra alishawahi kupelekwa ufuo wa kule na binamu zake siku ya Iddi.

Tuliposhuka kwenye ngazi na milango ikafunguka, joto lilitupokea kama mlango wa tanuri la mkate. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Miti ya barabarani ilikuwa michanga, vivuli vyake havimtoshi hata paka. Tulikimbia kutoka kivuli hadi kivuli, tukaingia kwenye kile kibanda cha kusubiria basi chenye kiyoyozi, tukakaa humo tukijifanya tunangoja basi mpaka jasho likakauka, tukatoka tena. Chupa tulikuwa tumeijaza maji ya kunywa, na kufika nusu ya njia ilikuwa tupu. Sabra akasema turudi. Nikamwambia atangulie. Nakato akashika mkono wangu na kuvuta mbele, sio nyuma, na Sabra akatufuata akinung'unika kama bibi yake.

Halafu tukaiona bahari. Nilivua ndala zangu, nikaziacha palipo na unyevu, nikaingia mpaka magotini, na nikaruka. Maji yalikuwa ya moto. Sio ya vuguvugu, ya moto, kama yale ya bomba la buluu. Nakato alitazama huku na huku na kuuliza ni nani amewasha hita. Nami, ninaona haya kusema, nilitafuta kwa macho tangi liko wapi.

Lakini hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mawimbi. Bahari ilikuwa imelala tambarare kama sinia, haipumui, na upande wa pili wa maji hata hewa ilikuwa imesimama. Bi Zuwena alikuwa amesema kwa bahari ya kwao. Hakuna aliyetuambia kwamba hii ya hapa, mwezi wa saba, saa sita mchana, haina hata wimbi moja.

Tulisimama tukisubiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tuliinama kwelikweli, viganja juu ya magoti, tukiyakodolea maji macho. Mwishowe boti moja ya matajiri ilipita mbali, na baada ya muda mrefu vikaja vikunjo vitatu vidogo, vimechoka. Nakato alifumba macho, mimi nikachota, Sabra akahesabu. Moja, mbili, tatu. Kisha mzungu mmoja mnene alijitupa majini karibu yetu na kuleta wimbi zuri kuliko yote, na Sabra akalikataa kwa sababu limetoka kwa mtu. Tulibishana. Ikaja pikipiki ya majini, ikazunguka kwa makelele, ikatuletea mawili kwa mpigo. Nikauliza haya nayo vipi. Sabra alifikiri sana, akasema pikipiki imepita tu, iliyotikisika ni bahari yenyewe. Nne, tano. Pikipiki ikarudi karibu zaidi, na la sita likaja kubwa, likatupiga viunoni, likapanda ufukweni na kuondoka na ndala zangu. Niliziona zikienda, moja ikimfuata mwenzake. Sikuzikimbilia, kwa sababu chupa ilikuwa mkononi na Nakato bado alikuwa amefumba macho.

Baada ya hapo, kimya. Tulisubiri mpaka nikaanza kuona vidoa vyeusi. Mlinzi wa ufuo alikuwa ametusikia tukihesabu. Alikuwa Mkenya, kijana, shati la sare limemganda mgongoni. Alikuja na chupa ya maji baridi, akatunywesha mmoja mmoja kwanza, ndipo akauliza sisi ni wa nani. Sabra akamwonyesha mwanamke yeyote kwa mbali.

"Mnanidanganya mimi?" akasema. "Hii jua inaangusha wanaume wazima. Naenda mpaka ile bendera pale na kurudi. Nikiwapata hapa, naita polisi. Yalla, nyumbani."

Akaanza kutembea kuelekea kwenye bendera. Nikahesabu hatua zake. Nakato alikuwa amefumba macho tena, midomo yake imekauka, anangoja wimbi la saba la kumponya mama yake, na bahari imelala. Basi nikawapa mgongo wote wawili, nikafagia maji kwa mguu, yakainuka kidogo, nikazamisha chupa. "Saba," nikasema. Sabra hakuuliza limetoka wapi. Nakato alifumbua macho, akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonichoma kuliko mchanga.

Mchanga nao haukunihurumia. Niliukimbia nikilia, kisha ikaja lami. Nakato akanipa ndala yake ya kushoto, tukatembea kila mmoja na mguu mmoja uliovaa, tumeshikana mabega, Sabra akiwa amekumbatia chupa kama mtoto mchanga.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa limeanza kushuka na watu wote walikuwa getini. Mama, bado na sare ya kazi, alinishika sikio, akaona nyayo zangu, akaliachia. Sabra alieleza kila kitu kwa pumzi moja, bahari na mawimbi na nia. Bi Zuwena, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na la kulalamikia. Aliipokea chupa kwa mikono miwili na kusema atamkogesha mwenyewe, kisha akaingia nayo ndani.

Mama Nakato alinikalisha kwenye kizingiti cha chumba chake. Akafungua bomba jekundu, akajaza beseni, akaitia miguu yangu humo, halafu akaipaka mafuta ya mgando polepole, kidole kwa kidole. "Kale, mwana wange," alisema, basi mwanangu kwa lugha yao. "Umetembea sana kwa ajili yangu." Uso wake ulikuwa mtulivu mno. Niliutazama nikafikiri: imeanza kufanya kazi. Asubuhi alitoka chumbani nywele zimelowa, kanga mabegani, nikajua ameshakogeshwa.

Mchana wa siku hiyo tukaambiwa wanaondoka. Nilitapika. Wakubwa wakasema ni jua, lakini mimi nilijua ni nini. Mawimbi sita ya kweli na moja la uongo. Nia safi ya mtoto kwa mama yake, nikaichanganya na maji niliyoyapiga kwa mguu. Siku ya safari Nakato alivaa viatu vipya na hakulia. Alinikumbatia haraka haraka, hakunitazama usoni, akaingia kwenye teksi na ile picha ya friji mkononi. Nikasema moyoni: amejua. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliamini ndiye niliyeyamwaga. Nilikua nalo jambo hilo. Nilimaliza shule nalo, nikaanza kazi nalo, na kila mtu alipofukuzwa au kunyimwa kibali katika mji huu nililikumbuka lile wimbi la saba.

"Kwa nini yamo humu?" nilimuuliza Sabra, nikiwa bado nimekaa sakafuni na chupa.

Alishangaa kwamba sijui. Mama yake alimwambia zamani. Jibu lilikuja kwa simu mchana uleule, tungali ufukweni, siku moja kabla ya kutarajiwa. Tulipotokea getini, Mama Nakato alikuwa ameshajua. Yeye ndiye aliyewaomba wakubwa wenzake wasituambie siku ile, kwamba watoto waliotembea jua lote lile waachwe walale na ushindi wao. Na Bi Zuwena, alipoulizwa na mama Sabra kwa nini asiyamwage maji yasiyo na kazi, alifoka: "Nitayamwagaje? Watoto wamekwenda kuyatafuta juani."

Basi hayakumgusa mtu. Nilimwambia Sabra kuhusu wimbi la saba. Alinitazama kwa macho ya hakimu, akasema lile kwa kweli lisingehesabiwa, kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mimi sikuweza kucheka. Nikachukua simu nikampigia Nakato kwa video. Huwa tunasalimiana sikukuu hadi sikukuu. Yeye na Babirye wana duka la kushona Jinja. Nilimwonyesha chupa, nikaungama yote bila kupumzika. Nyuma yake cherehani ililia, ikanyamaza.

"Mimi sikunuia mama abaki," akasema.

Sikuelewa. Akasogea na simu mpaka mlangoni, akapunguza sauti. "Nilinuia nimwone Babirye. Mara saba zote. Mlisema mtu asisikie, nikaona basi naweza. Halafu ikawa kweli, na mama akakaa hapa bila kazi, analia, na mimi nikajua ni mimi niliyemrudisha. Nilishindwa hata kukuangalia siku ile. Wewe uliungua miguu, na mimi nilikuwa naomba niende."

Tukatazamana, wanawake watatu wazima, kila mmoja na uso wake kwenye kioo kidogo. Nilimwambia maji hayajawahi kutoka kwenye chupa. Nilimwambia jibu lilikuja tukiwa bado tunahesabu. Aliweka kiganja mdomoni na kukiacha hapo. Hapo nikasikia sauti nyuma yake ikiuliza ni nani huyo wa kumliza mtu dukani. Nakato alinitupia jicho la kuniomba nisiseme, na simu ikachukuliwa.

Mama Nakato amezeeka. Alisogeza kioo karibu sana, nikaona jicho moja na nusu ya pua. Alinitambua, akalitaja jina langu, akamuulizia mama, akampa Sabra pole ya bibi yake. Chupa nilikuwa nimeificha nyuma yangu. Kisha akageuza kichwa, kama mtu aliyekumbuka kazi aliyoiacha katikati.

"Na ile miguu," akasema, "ilipona?"

"Ilipona, mama," nikamwambia, na nikainamisha kichwa nikazitazama nyayo zangu ili niwe na hakika.